Jiwe la Waridi Chini ya Bahari ya Shamu

Zaidi ya kilomita 100 magharibi mwa Jeddah, bandari iliyowapokea mahujaji wa mwambao wetu tangu enzi za majahazi, sakafu ya bahari huporomoka hadi kina cha mita 2,000 na zaidi. Hilo ni shimo la Atlantis II, lenye jina la meli ya utafiti ya Marekani iliyofika hapa miaka ya 1960. Ndani yake limetuama ziwa la maji ya moto, zaidi ya 60 °C, yenye chumvi karibu mara saba ya bahari ya kawaida. Ni mazito mno, hivyo hayachanganyiki kwa urahisi na maji ya juu yake.

Maji haya hayana oksijeni, ndiyo maana metali ya manganisi iliyomo hubaki imeyeyuka. Inapopanda na kukutana na oksijeni, hugeuka kitu kama kutu nyeusi na kuzama. Safari haijaisha. Ndani ya tope kutu ile huyeyuka tena. Katika bahari nyingi ni kazi ya bakteria, wanaoitumia badala ya oksijeni wanapomeng'enya mabaki ya viumbe, na papo hapo wakizalisha kaboneti. Manganisi na kaboneti vikishikana, hujengeka rodokrosaiti, madini ya rangi ya waridi. Katika shimo hili chuma nacho hujichomeka ndani ya fuwele hizo.

Mwaka 1974 Saudi Arabia na Sudan zilikubaliana kugawana utajiri wa madini ulio katika tope hili. Mwaka 1979 tope lilivutwa melini kwa majaribio, likitafutwa zinki, shaba na fedha.