Laini ya Chakula Kakuma

Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, vijana wa Sudan walipofika hapa baada ya kutembea safari ndefu. Kwa miaka zaidi ya ishirini chakula kilikuwa kile cha foleni: kadi ya rashoni, kipimo cha mtama au mahindi, dengu, mafuta. Nani alikuuliza kwenu mnakula nini? Mkongomani anapewa mtama na moyo uko kwa sombe. Kwa hiyo watu waliuza sehemu ya rashoni, kwa bei ya kutupa, wapate chumvi, samaki, sabuni. Tusidanganyane, soko lilikuwepo kabla ya mradi wowote.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, lakini kusajili laini kulidai kitambulisho. Asiyekuwa nacho alitegemea laini ya rafiki.

Mwaka 2015 WFP na Safaricom wakaleta Bamba Chakula. Kila familia ikapata laini, na kila mwezi shilingi zinaingia. Unaenda duka lililosajiliwa, unabonyeza namba ya siri, unachukua unga unaotaka. Kutoa pesa mkononi, hapana. Kakuma laini ilichukua nafasi ya sehemu tu ya rashoni. Kalobeyei, iliyofunguliwa 2016, ilikuwa karibu chakula chote: shilingi 1,400 kwa mtu kwa mwezi.

Maduka yalikua, ya wakimbizi na ya Waturkana. Nyanya zikaja kwa lori kutoka Kitale. Hayo yamesifiwa sana kwenye ripoti.

Kilichosifiwa kidogo ni daftari la deni. Pesa ikichelewa unakopa, na mwenye duka anabaki na laini yako, mara nyingine na namba ya siri pia. Mwezi ukifika anajilipa mwenyewe. Huwezi kwenda duka la bei nafuu, maana pesa yako inalala kwenye droo yake. Simpi yeye lawama zote: na yeye anadaiwa na muuzaji wa jumla.

Na mkulima je? Kalobeyei familia zilichimba vitalu vya shimo, maji yasipotee, wakapanda mchicha na kunde. Lakini mama mwenye mafungu matatu ya mchicha si duka lililosajiliwa. Jirani anautaka, shilingi zake zimefungwa ndani ya simu. Basi mama anampelekea mwenye duka, kwa bei ya mwenye duka.

Mwaka 2019 Kalobeyei ikaanza kupewa pesa taslimu. Hapo mchicha ungeweza kuuzwa mlangoni. Madeni ya zamani yalihamia pamoja na watu, na rashoni ikipunguzwa yanaongezeka.

Vijana ninaofanya nao kazi ndio wanaotumwa dukani, kwa sababu wanaijua simu kuliko wazazi. Tumeanza kuandika nyumbani kila kinachokopwa, tarehe na bei. Juzi mwenye duka mmoja alikataa kuliangalia daftari letu. Mwingine alileta lake, tukalinganisha mstari kwa mstari.