Stata ya Gari: Kutoka Hendeli Hadi Ufunguo

Injini ya petroli haijianzishi yenyewe. Lazima kwanza izungushwe ndipo ivute hewa na mafuta, ivibane na kuvilipua. Katika magari ya mwanzo kazi hiyo ilifanywa kwa mkono: hendeli ilichomekwa mbele ya gari na kuzungushwa kwa nguvu. Cheche ikiwahi, injini ilirudi kinyume na hendeli ikampiga aliyeishika. Vidole gumba, vifundo na mataya vilivunjika. Byron Carter, mtengenezaji magari wa Michigan, alifariki mwaka 1908, na kifo chake kimehusishwa na majeraha ya hendeli. Inasimuliwa kwamba msiba huo ndio uliomsukuma Henry Leland, mkuu wa Cadillac, kutafuta njia nyingine.

Njia hiyo ilitoka kwa Charles Kettering wa Dayton, Ohio, ambaye awali alikuwa amebuni mota ya umeme ya mashine za kupokelea fedha dukani. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari. Kettering alijua kwamba mota ndogo ikifanya kazi kwa sekunde chache tu inaweza kupitishiwa umeme mwingi kupita uwezo wake wa kawaida, maana hupumzika kabla ya kuungua. Stata yake ilifanikiwa mwaka 1911, ikaingia katika magari ya Cadillac ya 1912. Ford Model T ilianza kuipata mwaka 1919.

Wazo lile la Kettering ndilo ufunguo wa kuelewa karibu kila ubovu wa stata. Gari dogo la petroli huvuta zaidi ya ampea 100 wakati wa kuwashwa. Kwa mkondo mzito namna hiyo, unga mweupe kwenye kichwa cha betri au waya wa bodi uliolegea hutosha kuizuia stata, ilhali taa na redio, zinazotumia umeme kidogo, zinafanya kazi kama kawaida. Ndiyo maana kuwaka kwa taa si ushahidi kwamba betri ni nzima.

Vifaa vingine viliongezwa baadaye, na kila kimoja kilileta mahali papya pa kuharibika. Vincent Bendix alibuni pinioni inayojisogeza kushika meno ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na kuachia injini ikishawaka. Swichi nzito ya kukanyaga kwa mguu iliipisha solenoidi, ambayo kwa umeme mdogo hufunga njia ya umeme mkubwa. Mwaka 1949 Chrysler waliunganisha kuwasha injini na kuzungusha ufunguo. Ziliongezwa pia swichi za nyutro na za klachi, zinazozuia injini kuwashwa gari likiwa kwenye gia. Hata hivyo hendeli haikutoweka haraka: Land Rover za zamani, zilizozoeleka sana Afrika Mashariki, ziliendelea kuwa na tundu lake, msaada wa kweli mbali na gereji.

Ili kujua palipoharibika, fundi makini huanza kwa kusikiliza. Mlio wa haraka, ta-ta-ta, mara nyingi ni wa betri iliyoishiwa au viungo vichafu: solenoidi inashika, volti zinaporomoka, inaachia. Mlio mmoja kisha kimya huelekeza kwenye mabati ya solenoidi yaliyoungua, kaboni zilizokwisha, au injini iliyokwama. Mota ikilia bila injini kuzunguka, kosa ni la pinioni au meno ya flaiwili. Kimya kabisa humrudisha fundi kwenye njia ya umeme mdogo: fyuzi, relei, swichi ya ufunguo, swichi ya nyutro.

Mita huthibitisha sikio. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, na wakati stata inavuta haipaswi kushuka chini ya 9.6. Kipimo cha thamani zaidi, na kinachosahauliwa mno, hufanywa ufunguo ukiwa umeshikiliwa kwenye kuwasha: ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri, nyingine kwenye boliti ya stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Upande wa hasi, kati ya betri na mwili wa injini, hupimwa vivyo hivyo. Stata hufunguliwa mwisho, baada ya kuthibitishwa kwamba umeme kamili unaifikia na bado haizunguki.