Kesi ya Musoma na haki ya dhamana

Mtu wa Kibara, mkoani Mara, akikamatwa, swali la kwanza la ndugu zake ni kama kosa lake lina dhamana. Alfajiri wanapanda gari linalotoka Kisorya kwenda Bunda mjini, na barua ya mtendaji, nakala za vitambulisho na, kwa mwenye nayo, hati ya kiwanja. Nimewaona kwenye benchi nje ya mahakama, bahasha ya kaki wameishika kwa mikono miwili, wakisubiri karani aite wadhamini. Barua ikikosa muhuri, wanarudi kijijini mikono mitupu na ndugu yao analala tena mahabusu.

Wengi wao hawajui kwamba kesi kubwa ya dhamana nchini ilianzia mkoani kwao.

Daudi Pete alishtakiwa katika Mahakama ya Wilaya ya Musoma kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, akanyimwa dhamana. Kwa kawaida hakimu hupima. Mshtakiwa atarudi siku ya kesi? Ana makazi yanayojulikana? Atawatisha mashahidi? Kosa lenyewe ni zito kiasi gani? Mvuvi mwenye nyumba na watoto pale Kibara hapimwi sawa na mtu asiyejulikana alikolala jana. Lakini kifungu cha 148(5)(e) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 kilimnyang'anya hakimu mizani hiyo. Kosa likihusu shambulio kubwa, tishio la nguvu au kuwa na bunduki, dhamana hakuna, awe nani.

Pete akaenda Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Haki za msingi zilikuwa zimeingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila Serikali ilipewa miaka mitatu, kuanzia Machi 1985, kurekebisha sheria zake kabla wananchi hawajaanza kuzidai mahakamani. Muda huo uliisha Machi 1988. Ombi la Pete ni la 1989, wino ukiwa bado mbichi. Mwalusanya akampa dhamana, akisema sheria ile inakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa.

Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiwa kwenye jopo, ilitoa hukumu. Haikukubali kila hoja ya Mwalusanya, lakini kifungu ilikibatilisha: kilimnyima mtu uhuru bila kuweka utaratibu wa kumnyima, tena kilikumba hata wasio hatari kwa yeyote. Kwangu mimi hiyo ni moja ya hukumu bora kabisa katika historia ya nchi hii.

Mwaka 2018, katika shauri la wakili Jeremia Mtobesya, Mahakama ya Rufani ilibatilisha pia mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa cheti chake tu. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ikatamka kwamba orodha nzima ya makosa yasiyo na dhamana iliyobaki katika kifungu cha 148(5), yakiwemo mauaji, uhaini na utakatishaji fedha, inakiuka Katiba. Furaha haikudumu. Tarehe 5 Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, orodha ikabaki.

Waheshimiwa wabunge wa Mara, chukueni hukumu ya 1991 muisome, kisha mpeleke hoja Dodoma hakimu arudishiwe mizani yake.