Ekografia ya neva za mkono: historia yake na nafasi yake Bujumbura

Neva za kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, hazitulii mahali pamoja. Mtu anapokunja mkono, anapounyoosha au anapofumba vidole, neva huteleza baina ya misuli, mbele na nyuma, kwa milimita kadhaa. Kubwa ni tatu. Neva ya kati hupita katikati ya misuli inayokunja vidole, kisha huingia kiganjani kwenye njia nyembamba ya kifundo. Neva ya alna huzunguka nyuma ya kiwiko na kushuka upande wa kidole kidogo. Neva ya radiasi hushika upande wa kidole gumba. Ikibanwa, ikivimba au ikishikwa na kovu, neva hushindwa kuteleza, na mwenye mkono hupata ganzi, maumivu ya kuchoma na vidole visivyo na nguvu. Kuiona neva hiyo ikitembea ndani ya mkono wa mtu aliye hai, bila kisu wala sindano, ni jambo ambalo halijafikisha hata miaka hamsini.

Kabla ya hapo tabibu alitegemea vidole vyake, na katika Afrika Mashariki ugonjwa uliomfundisha kuzipapasa neva kuliko mwingine wowote ni ukoma. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Gerhard Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, na neva ya alna karibu na kiwiko imelala chini ya ngozi tu. Hapo huvimba, wakati mwingine ikawa nene kama kamba. Katika kituo cha Buluba, karibu na Ziwa Victoria nchini Uganda, daktari Wanda Błeńska kutoka Poland alianza kazi mwaka 1951 na akakaa zaidi ya miaka arobaini akitibu wagonjwa wa ukoma na kufundisha wahudumu. Ukaguzi wenyewe haujabadilika tangu enzi hizo: mgonjwa hukunja kiwiko kidogo, mhudumu hupitisha vidole kwenye mfereji ulio nyuma ya mfupa, anaufuata uzi wa neva kwenda juu, kisha analinganisha kulia na kushoto. Ni ujuzi wa thamani, na mpaka leo wahudumu wa ukoma hufundishwa hivyo. Hata hivyo vidole haviwezi kujua kilichomo ndani ya uvimbe, wala haviifikii neva ya kati pale inapozama chini ya misuli ya kigasha.

Swali la mwendo nalo lilianza kwa kupapasa. Mwaka 1956 daktari wa mifupa wa Marekani, Harold Childress, alichapisha uchunguzi wa viwiko 2,000. Katika asilimia 16.2 ya viwiko hivyo, neva ya alna ilitoka kwenye mfereji wake mkono ulipokunjwa, ikarudi uliponyooshwa. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1976, Waingereza McLellan na Swash walikwenda mbali zaidi: waliingiza sindano nyembamba ndani ya neva ya kati ya watu waliojitolea, wakaangalia jinsi sindano ilivyoinama mkono ukisogea. Kifundo na vidole viliponyooshwa nyuma, neva ilishuka kwa wastani wa milimita 7.4; kiwiko kilipokunjwa, ilipanda kwa milimita 4.3. Vipimo hivyo vilithibitisha jambo kubwa, lakini ni wazi kwamba hakuna hospitali ambayo ingewachoma wagonjwa wake neva kila siku ili kupata jibu.

Chombo kilichohitajika kilikuwa tayari kipo, ila kilikuwa kikitazama tumbo. Ndugu Pierre na Jacques Curie waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Paul Langevin alitumia fuwele za namna hiyo kutuma sauti isiyosikika chini ya maji na kunasa mwangwi wake, ili nyambizi zigunduliwe. Karl Dussik wa Austria alijaribu sauti hiyo kwenye kichwa cha binadamu, akachapisha kazi yake mwaka 1942. Kisha Juni 1958, huko Glasgow, Ian Donald, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walitoa katika jarida la The Lancet picha za uvimbe wa tumboni na za mimba. Tangu hapo ekografia, yaani kupiga picha za ndani ya mwili kwa mwangwi wa sauti hiyo, ikawa kipimo cha wajawazito kuliko kitu kingine.

Kuna sababu ya kifizikia iliyozichelewesha neva. Sauti ya masafa ya chini, megahezi mbili hadi tano, huzama ndani sana, ndiyo maana humwona mtoto tumboni, lakini haionyeshi vitu vidogo. Sauti ya masafa ya juu, megahezi kumi na mbili na kuendelea, huonyesha hata nyuzi nyembamba, ila hufifia baada ya sentimita chache. Neva ya kigasha haiko mbali na ngozi, kwa hiyo masafa ya juu ndiyo yake, na probu za namna hiyo, yaani vifaa vinavyowekwa kwenye ngozi kutuma na kunasa sauti, zilihitaji muda kutengenezwa vizuri. Mwaka 1988 Bruno Fornage alieleza katika jarida la Radiology jinsi neva za mikono na miguu zinavyoonekana. Mwaka 1991 Buchberger na wenzake wa Innsbruck walionyesha neva ya kati iliyobanwa kifundoni. Na mwaka 1995 Silvestri na wenzake nchini Italia walilinganisha picha na neva zenyewe chini ya hadubini, wakathibitisha kwamba neva ikikatwa kwa picha ya mkingamo huonekana kama sega la asali: vitundu vyeusi vya nyuzi, vikizungukwa na kuta nyeupe.

Utaratibu wa chumbani ni rahisi kuueleza. Mgonjwa huketi, huweka mkono mezani kiganja kikiwa juu, anapakwa jeli. Probu ya mstari huwekwa mkingamo kifundoni, kisha husogezwa polepole kuelekea kiwikoni, na mpimaji haruhusu sega lile limpotee machoni. Kano hufanana na neva kifundoni, na hapo ndipo mgeni wa kazi hukosea. Dawa ni mwendo: mgonjwa akikunja na kukunjua vidole, kano huruka mbele na nyuma kwa kasi, neva husogea kwa uchache. Probu ikiinamishwa kidogo, kano hugeuka nyeusi, neva hubaki ikionekana. Kiwikoni, mgonjwa hukunja mkono taratibu na mpimaji huangalia kama neva ya alna itavuka ncha ya mfupa. Mwaka 2001 Jon Jacobson na wenzake walionyesha kwa njia hii kwamba wakati mwingine kinachoruka mfupa si neva peke yake, bali pia kichwa cha msuli wa nyuma ya mkono, jambo ambalo vidole hulichanganya kwa urahisi. Mwaka huohuo Andrew Dilley na wenzake wa University College London walieleza namna ya kupima mtelezo wa neva kwa urefu wake: kompyuta hulinganisha chembechembe za picha moja na za picha inayofuata, kisha hukokotoa umbali. Kile kilichohitaji sindano mwaka 1976 kikapatikana kwa jeli na mwanga wa skrini.

Ekografia hiyo ikaurudia pia ukoma. Mwaka 2009 Suman Jain na wenzake, katika kazi iliyofanyika Hyderabad, India, walionyesha kwamba ekografia hupima unene wa neva za wenye ukoma kwa uhakika kuliko kupapasa, na kwamba mtiririko wa damu ndani ya neva hufichua uvimbe mkali unaohitaji tiba ya haraka. Kwa mgonjwa ambaye vidole vyake bado havijajikunja, kuwahi tiba hiyo ndiko kuuokoa mkono wenyewe.

Bujumbura inaifahamu ekografia, lakini kwa sura ya Glasgow ya 1958. Mwaka 2006 Burundi ilifuta malipo ya kujifungua na ya matibabu ya watoto chini ya miaka mitano, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mjamzito apate kipimo kimoja kabla ya wiki ya 24. Kipaumbele hicho cha mama na mtoto ni sahihi kabisa. Rwanda jirani ilipata uzoefu wa namna hiyo: ripoti ya mwaka 2009 kuhusu hospitali za mashambani ilieleza jinsi madaktari wa huko walivyofundishwa ekografia, na uzazi ukawa kazi yake kuu. Lakini Bujumbura ni mji unaoishi kwa mikono: magereji ya Buyenzi, cherehani, useremala, na ngoma ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni. Mwaka 2015 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha majeruhi mtaa wa Kigobe, na jeraha la kigasha linaweza kukata neva pamoja na kano.

Vifaa vimeshuka bei na ukubwa. Siku hizi kuna probu ya mkononi inayochomekwa kwenye simu, na neva ya kati kifundoni huonekana nayo, ingawa nyuzi za ndani zinahitaji masafa ya juu zaidi. Kinachokosekana zaidi kuliko mashine ni saa za mafunzo, kwa sababu kuifuata neva inayosogea hujifunzwa kwa mkono wa mwalimu. Wanaonunua mashine kwa ajili ya hospitali za Bujumbura kama Kamenge, Prince Régent Charles au Prince Louis Rwagasore, na wafadhili wanaozitoa bure, wadai basi mambo mawili kabla ya kutia sahihi: probu ya mstari ya masafa ya juu iwe ndani ya sanduku, na mwalimu wa kuitumia awe ndani ya mkataba.