Nani Analipia Sabuni? Historia ya Sare, Kodi na Farasi wa Mwingereza

Wasee, leo tunaongea kuhusu sabuni. Ile unatumia Jumapili jioni ukifua sare ya kazi ndio Jumatatu usionekane kama ulilala kwa mtaro. Swali langu ni moja tu: hiyo sabuni, hayo maji ya mtungi, hiyo pasi inakula tokeni za stima, ni gharama yako ama ni gharama ya kazi?

Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Baada ya hapo nililinda geti miezi saba, kampuni sitaitaja. Mshahara wa kwanza ulikuja umekatwa pesa ya sare: shati mbili, suruali, sweta na kofia. Buti nikajitafutia mwenyewe kwa mitumba. Kila usiku nilikuwa nafua shati moja ndio nyingine ipumzike. Hakuna mtu aliniuliza sabuni imetoka wapi.

Sasa, binamu yangu ni muuguzi huko Uingereza. Ni mmoja wa wale walioenda baada ya Kenya na Uingereza kutia saini mkataba wa wafanyakazi wa afya Julai 2021. Siku moja ananipigia ananiambia, "Cuzo, huku serikali inakurudishia kodi juu unafua sare yako." Mimi nikacheka. Nikadhani ni wale matapeli wa mtandao wamemfikia. Lakini ni kweli kabisa, na stori yake iko na miaka mingi nyuma kuliko unavyodhani.

Kwanza tuelewe vile inafanya kazi, juu hapa ndio watu wengi hupotea. Uingereza, kama kazi yako inakulazimu uvae sare inayokutambulisha, kama muuguzi ama polisi, na wewe ndiye unaifua, kuirekebisha ama kununua ingine ile ya kwanza ikichakaa, unaweza kudai nafuu ya kodi. Mamlaka yao ya kodi, HMRC, iko na orodha ya viwango kwa kila kazi. Kiwango cha kawaida ni pauni 60 kwa mwaka. Muuguzi ni 125. Polisi ni 140. Rubani ni 1,022, na usiniulize kwa nini shati la rubani lina heshima hivyo. Ukidai hicho kiwango, huhitaji kuweka risiti za sabuni.

Lakini tulia hapo. Hawakupatii pauni 60. Wanachofanya ni kusema pauni 60 za mshahara wako zisitozwe kodi. Kama unalipa kodi ya asilimia 20, unachookoa ni pauni 12 kwa mwaka. Muuguzi anaokoa 25. Unaweza kudai ya miaka minne nyuma, kwa hivyo binamu yangu akichelewa miaka minne anapata kama 100 kwa mpigo. Na kuna masharti: kama mwajiri anakufulia, ama anakurudishia pesa yote, huna dai. Nguo za kawaida hazimo, hata kama bosi amesema lazima uvae suruali nyeusi. Ile sare ya kwanza ukinunua pia haimo. Halafu kuna mawakala wamejaa huko mitandaoni, wanakujazia fomu ambayo ungejaza mwenyewe bure, kisha wanakula kipande kikubwa cha hizo pauni. Nilimwambia binamu ajaze mwenyewe. Alijaza.

Sawa. Hii sheria ilitoka wapi?

Kodi ya mapato ilianza Uingereza mwaka 1799. Waziri Mkuu William Pitt alikuwa anatafuta doo za kupigana vita na Ufaransa. Ikaondolewa, ikarudi, ikaondolewa tena 1816, halafu Robert Peel akairudisha 1842 na hadi leo haijatoka. Watu wakaanza kuuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kama natumia pesa ndio nifanye kazi, mbona mnanitoza kodi kwa pesa ambayo sikukaa nayo?

Jibu likaja kwa sheria ya mwaka 1853. Ilisema mtu wa ajira anaweza kutoa gharama ambazo ametumia kikamilifu, kwa ajili ya kazi pekee, na kwa lazima. Hayo masharti matatu, shika hapo, juu yamesumbua watu miaka mia na sabini. Na kuna gharama moja ambayo ilitajwa kwa jina: kumtunza farasi. Kama kazi yako ilikulazimu uwe na farasi, chakula cha farasi wako kilihesabika. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 bado ilikuwa inamtaja huyo farasi! Watu walikuwa wameshafika mwezini, na farasi bado ako ndani ya kitabu cha kodi.

Sasa geuza macho uangalie huku kwetu. Mwaka 1901, serikali ya hao hao Waingereza ilileta kodi ya nyumba hapa, ile mababu zetu walilipia kila kibanda. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa. Hiyo haikuuliza unapata ngapi wala unatumia ngapi. Uko na nyumba? Lipa. Hauna pesa? Enda ukafanye kazi kwa shamba la mzungu ndio upate. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya hesabu: kodi iwasukume watu watoke kwao waende kuajiriwa. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza mzee wa Nyeri ama Kisumu kama jembe lake lilikuwa "gharama ya lazima". Yaani chakula cha farasi London kilikuwa na nafasi kwa sheria, na mtu mzima huku hakuwa nayo.

Na walowezi je? Kodi ya mapato ililetwa Kenya miaka ya mwanzo ya 1920, wakapiga kelele, na 1922 ikafutwa. Ilirudi 1937 na ikakaa. Kwa hivyo kwa miaka mingi, mwenye kibanda cha nyasi alikuwa analipa kodi ya moja kwa moja kila mwaka, na mwenye shamba kubwa halipi kodi ya mapato. Ukisikia mtu akisema kodi ni hesabu tu, haina siasa, mwambie asome hiyo sehemu tena.

Turudi kwa nguo. Kesi maarufu zaidi ya sare na kodi ni ya wakili mmoja mwanamke, Ann Mallalieu. Huyu alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha mdahalo cha Cambridge, kwa hivyo usidhani hakujua kubishana. Mahakamani Uingereza, wakili alilazimika kuvaa nguo za rangi nyeusi ama nyeusi na nyeupe chini ya joho. Yeye hakuzipenda, na hakuzivaa kwa maisha yake ya kawaida. Akasema: hizi ni za kazi, nataka gharama ya kuzinunua upya na kuzifua itolewe kwa hesabu ya kodi.

Mahakama Kuu ikasema uko sawa. Mahakama ya Rufaa ikasema uko sawa. Watu wa kodi wakakataa kulala, wakaenda hadi Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho. Mwaka 1983 akapoteza, majaji wanne kwa mmoja. Sababu? Walisema hata kama akilini mwake alikuwa anafikiria kazi tu, nguo pia zinampa joto na kumsitiri. Huwezi kwenda mahakamani uchi, kwa hivyo nguo si za kazi pekee. Miaka saba kabla yake, 1976, injinia wa kompyuta aliyedai gharama za suti alikuwa amegonga ukuta wa aina hiyo.

Manze, ukifikiria hiyo sababu vizuri unaona ni ya kuchekesha, lakini iko na mantiki. Mstari wenyewe ni huu: hii nguo unaweza kuivaa harusini bila watu kugeuka? Suti nyeusi, ndio. Sare ya muuguzi yenye nembo ya hospitali, hapana. Hapo ndipo binamu yangu anapita mahali ambapo wakili mkubwa alikwama.

Na hivi viwango vya pauni 60 na 125? Havikuanguka kutoka mbinguni, wala hakuna waziri aliamka na huruma. Vyama vya wafanyakazi viliketi na watu wa kodi, kazi baada ya kazi, wakakubaliana fundi wa mbao anatumia kiasi gani kwa vifaa, mfanyakazi wa kiwanda kiasi gani kwa nguo. Ndio maana ile orodha ni ndefu na ina kazi zingine za ajabu. Kazi ambayo watu wake walijipanga ina mstari wake. Kazi ambayo watu wake hawakujipanga inaangukia 60.

Sisi je? Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ilianza kufanya kazi 1974, na ilibeba maneno ya yule mzee wa 1853. Kifungu cha 15 kinataka gharama iwe imetumika kikamilifu na kwa ajili ya kupata mapato pekee. Kifungu cha 16 kinakataa gharama za kujitunza na za nyumbani. Kwa hivyo masharti ya Mwingereza tulirithi. Orodha ya sare hatukurithi. Mkenya aliyeajiriwa anapata nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 kwa mwezi, sawa kwa kila mtu, uwe unavaa koti la maabara ama unavaa kandambili.

Sasa kuna watu watasema basi tuombe KRA watupe orodha kama ile. Mimi naona hapo kuna mtego. Hiyo 2,400 maana yake ni kuwa mshahara usiozidi 24,000 haulipi PAYE. Mlinzi wa geti niliyekuwa mimi, msafishaji, dada wa hoteli anayefua aproni kila usiku, wengi wao hawafiki hapo. Nafuu ya kodi kwa mtu asiyelipa kodi ni kama mwavuli kwa samaki. Angefaidika rubani kwanza, kama kawaida.

Kwa mtu wa chini, vita viko kwa mshahara wenyewe. Kabla sijauliza KRA watanirudishia nini, namuuliza mwajiri kwa nini nanunua nguo ambayo iko na jina lake mgongoni. Ile nembo ni tangazo lake. Nikitoka kazini hainisaidii kitu, na nikiacha kazi ataitaka irudi. Kwa hesabu ya wale majaji wa 1983, hiyo ndiyo nguo ya kazi pekee hasa. Wauguzi wetu wanajua hivi vizuri, ndio maana posho ya sare huwa haikosi kwa meza yao ya mazungumzo na serikali.

Kwa hivyo kama uko na ndugu Uingereza anafua sare yake mwenyewe, mtumie hii. Mwambie adai, ajaze mwenyewe, asigawane na wakala. Na kama uko hapa nyumbani, kesho ukipokea karatasi ya mshahara, soma kila mstari wa makato. Ukiona neno "sare", uliza kwa adabu, na uulize mkiwa wengi.