Hawana la Kusema Mbele ya Nani?

Katika vikao vingi vya umma huandikwa kwamba wanawake "hawakuwa na hoja," na ajenda ikafungwa. Historia ya pwani yetu inatutaka tuulize kwanza: hawakuwa na hoja mbele ya nani?

Yapata mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na majeshi ya Seyyid Said, alimtungia binti yake utendi wa wosia. Humo anamfunza mke kuwa mpole na kutafuta radhi ya mumewe. Wengi huusoma kama ushahidi wa unyonge. Lakini anayeusia si mnyonge: ni mama mwenye elimu na nasaba, anayeagiza na kuonya, kwa sababu msikilizaji wake ni mwanawe. Upole ni lugha ya mbele ya mume. Amri ni lugha ya mbele ya binti.

Miaka ya 1980, mtafiti Susan Hirsch alihudhuria mahakama za kadhi katika pwani ya Kenya. Aliona kwamba wengi wa waliofungua mashauri walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Mwanamke aliyefundwa kustahimili na kutotoa siri za nyumba, mbele ya kadhi alisimulia kisa chake tangu mwanzo hadi mwisho. Mume, ambaye nyumbani neno lake moja la talaka lilitosha, hapo alitakiwa kujieleza.

Jinsia zao hazikubadilika. Kilichobadilika ni msikilizaji na mamlaka aliyonayo. Wanaume nao hawako nje ya kanuni hii: anayenguruma kijiweni huishia "ndiyo, mzee" mbele ya mkuu wa wilaya, wala hatusemi kwamba wanaume kwa maumbile yao hawana hoja.

Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliagiza kwamba katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji, 3 wawe wanawake. Ni hatua njema, lakini kiti si sikio. Mjane anayedai shamba mbele ya shemeji zake atanong'ona, hata akiwa na haki yote. Mtumishi wa umma anayeandika kumbukumbu na ajiulize, kabla ya kuandika kwamba mjane huyo hakuwa na hoja: nani walikuwa wameketi mbele yake alipotakiwa kusema?