Gitaa la Umeme na Mikono ya Mafundi

Vyombo vingi vya muziki wetu wa dansi vilitoka ng'ambo, na gitaa la umeme ni mojawapo. Wako wanaouliza kama chombo kilichobuniwa Marekani chaweza kuhesabiwa kuwa sehemu ya utamaduni wetu. Swali hili halijibiwi kwa kutazama mahali chombo kilipozaliwa tu. Yatupasa kutazama pia ni nani ajuaye undani wake. Maana historia ya gitaa hili, tangu mwanzo, ni historia ya watu waliolifungua, wakalitengeneza na kulibadili kwa mikono yao wenyewe.

Gitaa la kawaida hupaza sauti kwa tumbo lake la mbao. Gitaa la umeme hutegemea kinasa, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, na kuwekwa chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitetema, huvuruga nguvu za sumaku, na umeme hafifu huzaliwa katika waya. Amplifaya huukuza umeme huo, na spika huugeuza kuwa sauti. Ndiyo sababu nyuzi za nailoni hazifai kwa kinasa cha namna hii. George Beauchamp, aliyekuwa mwanamuziki, alibuni gitaa la aina hiyo huko California mwaka 1931.

Mtu aliyelifanya gitaa hili liwe rahisi kutengenezwa hakuwa mpiga gitaa, bali fundi redio. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Mwaka 1950 karakana yake ilianza kuuza gitaa la ubao mzima usio na tumbo, ambalo shingo yake haikugandishwa kwa gundi bali ilikazwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, mwenye bisibisi aliweza kuitoa na kuweka nyingine. Fikira hiyo ni ya fundi anayejua kwamba kila kitu kitaharibika siku moja.

Wengine hawakuwa na fedha za kununua, wakajitengenezea. Mwaka 1963 huko Uingereza, Brian May, kijana wa miaka 16, alianza kuunda gitaa pamoja na baba yake, mtaalamu wa elektroniki. Shingo waliichonga kutokana na mbao za sehemu ya kuotea moto ya nyumba kuukuu. Alama za shingoni zilikuwa vifungo vya nguo. Springi zilitoka katika pikipiki kuukuu. Kazi hiyo ilichukua miaka ipatayo miwili. May alilipiga gitaa hilo katika kundi la Queen, ambalo mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Mwaka 2002 alilipiga juu ya paa la Kasri la Buckingham.

Katika miaka ya 1970, Eddie Van Halen wa California aliunganisha mwili na shingo alivyonunua mbalimbali, akapachika kinasa kilichotoka katika gitaa jingine. Kinasa hicho alikichovya katika nta iliyoyeyushwa. Waya uliolegea ndani ya kinasa hutetema sauti inapokuwa kubwa, ukaleta mlio mkali wa kukera. Nta ikiganda, huufunga waya na mlio ukakoma.

Hapa Afrika ujuzi wa namna hiyo haukukosekana. Huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi na wenzake wa Konono No. 1 walitumia sumaku za magari makuukuu kutengeneza vinasa vya likembe. Nchini Tanzania, bendi kadhaa zilikuwa chini ya mashirika na vyama, kama NUTA Jazz iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alipohama aliviacha. Baada ya vita vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, na bidhaa za ng'ambo zikawa adimu. Katika hali hiyo kutengeneza hakukuwa hiari. Mwenye kujua kulehemu waya uliokatika, au kusafisha swichi iliyoota kutu, ndiye aliyewezesha dansi liendelee.

Kazi hiyo ina adabu yake. Amplifaya yaweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani, asiyefundishwa asiifungue. Lakini gitaa lenyewe, likiisha kuchomolewa katika amplifaya, laweza kufunguliwa na mwanafunzi akaona kwa macho somo la sumaku alilolisoma darasani.

Tumeandika majina ya waimbaji na watunzi wetu, na ni haki yao. Majina ya mafundi hayakuandikwa kwa wingi, na ujuzi wao hupita kwa macho na mikono, kisha huzikwa pamoja nao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu wa muziki na wa fizikia wangefanya vema kuwapeleka vijana kwa mafundi wazee walio karibu nao, wawaulize na kuandika wasemayo. Chombo hakiwi chetu kwa kununuliwa tu. Huwa chetu siku tunapoweza kukifungua, kukirekebisha, na kumfundisha mwingine.